Kilemba cha Gunia

Mimi ndiye niliyevisha magunia vilemba
hapa Isyonje, tangu nimalize darasa la saba.
Sindano ndefu kuliko kidole, kamba ya katani begani,
tochi mdomoni, kwa sababu Fuso hupakia usiku,
ukungu ukishashuka kutoka Uporoto
na mtu hamtambui hata mdogo wake.

Gunia likijaa, mnunuzi husema: bado.
Unalishindilia kwa goti, linaguna. Bado.
Unaliongezea shingo ya gunia jingine,
unamimina debe, unamimina la pili,
unafunika kwa ukoka, unashona msalaba msalaba
mpaka lisimame kama bibi harusi mwenye mimba.
Hapo ndipo anaandika kwenye daftari: moja.

Moja. Mimi shilingi mia tatu kwa kilemba.
Mama, bei ile ile ya gunia.

Hatukuiita wizi. Tuliiita desturi.
Ambakisye hakuwa mtu mbaya:
msiba wa baba tuliketi chini ya turubai lake,
mbolea alitukopesha, tusi halikumtoka.
Ila ukimwambia pima, hucheka kwa upole:
"Mama Tusubilege, ukitaka mizani nenda kliniki."
Na barabara ni moja, na mvua inanukia,
na kiazi hakimngoji mtu, kinachipua, kinageuka kijani.
Wanasema biashara ni maelewano.
Maelewano gani, na mtu aliyekabwa na mazao yake mwenyewe?

Serikali tuliijua kwa geti.
Kamba, pipa la mchanga, kijana na kitabu cha stakabadhi;
naye alihesabu kama Ambakisye, gunia ni gunia.
Kwa hiyo ilipokuja Juni na mizani,
nyasi zimekakamaa kwa baridi,
hatukupiga vigelegele. Tulisimama mbali
kama watu wanaotazama ng'ombe wa jirani akikamuliwa.

Afisa alikuwa mwanamke mfupi, sweta la kijani,
Bi Sekela Mwanjali, anapiga chafya kila dakika.
Hakuhutubia.
Aliweka jiwe la kilo ishirini juu ya bamba, akasema, "Someni."
Tukasoma. Akaweka la pili. "Someni."
Kisha akaomba gunia la mama,
akanigeukia: "Wewe mwenye sindano. Fumua."

Sikuwahi kufumua kazi yangu mbele za watu.
Kamba ilitoka inalia.
Mama akapunguza kimoja kimoja
mpaka mshale ukatulia kwenye mia.

Kilichobaki chini kilijaza madebe mawili
na sufuria.

Ambakisye alitazama viatu vyake.
Mama alichuchumaa, akafuta kiazi udongo kwa kanga,
akauliza, wala hakumuuliza mtu:
"Miaka kumi na tisa. Hivi vilikuwa vinakwenda wapi?"

Nami nikapiga hesabu kwa kidole vumbini,
madebe mawili, mara magunia arobaini, mara misimu,
nikafika mwaka ule niliofaulu na ada ikakosekana.
Nikafuta kwa kiatu.

Gari la afisa liliondoka saa tisa.
Mizani imebaki ghalani, ina lakiri yake;
ufunguo anao mwenyekiti,
na mwenyekiti hukopa mbolea pale pale tunapokopa sisi.

Sasa ni saa nne usiku. Simu imetetemeka:
*Fuso iko nyuma ya mikaratusi. Mia sita kwa kilemba. Njoo na tochi.*

Mama anamenya viazi vya sufuria, ananiita nile.
Sindano nimeichomeka kwenye udongo wa ukuta.
Mia sita ni mia sita; sitajifanya sikuisoma mara mbili.
Namba ya Bi Sekela imeandikwa kwa chaki mlangoni mwa ghala,
nami nimeikariri bila kukusudia.

Simu inatetemeka tena.